Filimbi Haina Mchezo

Kazi yangu ni kuteua tumbaku. Msimu wa masoko ukifika, kuanzia Usoke hadi vituo vya ndani zaidi, marobota yanafunguliwa mbele yangu. Nalitazama jani, nalinyoosha, nalinusa nikiona haja, kisha natamka daraja. Mkulima aliyehangaika nalo msimu mzima anasimama pembeni akinitazama mdomo. Kazi hii haitaki huruma wala hasira, inataka macho. Ukimhurumia huyu leo, kesho umemdhulumu yule. Nimeifanya kwa muda mrefu kiasi kwamba hata watu nawapanga madaraja bila kukusudia, na nadhani ndiyo sababu sina marafiki wengi.

Nayasema haya mapema ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyeomba likizo ya juma zima, masoko yakiwa yamechangamka, ili akakimbie porini na karatasi mkononi. Mkubwa wangu wa kazi aliuliza kama nina mgonjwa. Nilimwambia sina. Akauliza kama nina harusi. Nikamwambia nina mbio. Alinitazama kichwani, kwenye mvi, akasaini.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Unapewa ramani na dira. Porini kumewekwa vibendera vya rangi ya chungwa na nyeupe, kila kimoja kikiwa na kipini chake cha kutobolea kadi unayoivaa shingoni. Unavitafuta kwa mpangilio uliochorwa, na anayevimaliza mapema kuliko wenzake ndiye mshindi. Njia ya kutoka kibendera hadi kibendera haijachorwa. Hiyo unaitafuta kwa akili yako. Wenyewe tunauita mbio za ramani. Niliuanza miaka michache iliyopita, baada ya mwalimu wa kwaya kanisani kwetu kuniambia kwa upole kwamba sauti yangu ingefaa zaidi kazi nyingine. Jumamosi zangu zikawa tupu. Nikasikia kuna mwanajeshi mstaafu anayewakusanya watu nje ya mji na kuwafundisha kupotea. Nikaenda.

Juma hilo la Juni lilikuwa la mwisho la kuchagua timu. Timu ingekwenda kushindana nje ya nchi, upande wa kusini, na kila kitu kilikuwa kimeshapangwa isipokuwa nafasi moja ya mwanamke. Wanawake tulibaki wawili. Mazoezi yangekuwa Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi tungekimbia. Atakayefika kwanza amepata, atakayefika wa pili anarudi kwake. Mimi sijawahi kuvuka mpaka wowote. Pasipoti nilikwishaitafuta, ilikuwa kwenye mkoba, mpya, haina muhuri hata mmoja. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka tangu niachane na mume wangu, na yule mume sikumtaka kiasi hicho.

Mpinzani wangu alikuwa binti wa chuo, mtoto wa ile familia ya Kiarabu ya mjini yenye duka la vitambaa. Alikimbia kwa suruali ndefu na hijabu aliyoibana kwa pini, na alikimbia kana kwamba ardhi inamchoma nyayo. Kwa miguu, daraja la kwanza, sina ubishi. Kwa ramani, takataka. Alikuwa na uwezo wa kutazama ramani, kutazama dira, kutabasamu, na kuondoka mbio kuelekea upande usio wenyewe. Tulipangiwa chumba kimoja katika hosteli ya kanisa kule Cheyo. Alfajiri aliamka kuswali, akikunja mkeka wake taratibu ili asinisumbue, kisha akiona nimefungua macho anasema:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Salamu ile ilinikera juma zima. Hakukosea, mimi naweza kabisa kuwa mama yake. Lakini mtu unayetaka kumshinda hapendezi kukuamkia kila asubuhi kana kwamba mmeshakubaliana nani mzee.

Jumatatu tulifundishwa kupima umbali kwa hatua. Jumanne tulipelekwa kwenye vichuguu. Anayeijua miombo ya upande wetu anajua kwamba vichuguu ni vingi kuliko nyumba, na vingine ni vikubwa kuliko nyumba. Mwalimu wetu, yule mwanajeshi mstaafu, alikuwa amechora kwenye ramani vile vikubwa tu, sasa kila mmoja wetu akawa na maoni yake kuhusu ukubwa. Binti yule aliinua kadi hewani mara kadhaa kwa furaha, akiwa amesimama kwenye kichuguu ambacho ramani haikitambui.

Siku hiyohiyo ndipo lilipotokea jambo la filimbi. Mwalimu alikuwa ametugawia kila mmoja filimbi ya plastiki, na sheria ikawa ileile inayotumika popote mchezo huu unapochezwa: ukiumia, piga filimbi, nyamaza, piga tena, na yeyote anayesikia anaacha mbio zake, hata kama anaongoza, anakwenda kusaidia. Mwalimu ni mtu wa kaskazini. Ameishi Tabora miaka kadhaa lakini Kinyamwezi hajui hata salamu, na mambo ya vijijini kwetu anayajua kwa kusoma. Tulipokaa kula mchana, kijana mmoja wa timu ya wanaume akaipuliza filimbi yake, kwa nguvu zote, kuona kama inalia vizuri.

Ililia vizuri. Hatujamaliza hata kutafuna, watu wakaanza kutokea. Walitoka kwenye miti, wakatoka upande wa mashamba, mwingine kwa baiskeli aliyoitupa kabla haijasimama. Wanaume na marungu na pinde, mama mmoja na jembe, mwingine na mwiko wenye uji mbichi. Walituzunguka. Binti wa chuo akanishika mkono. Mwalimu alisimama akiwa na kipande cha muhogo mdomoni.

Mimi nilijua ni nini tangu filimbi ilipolia. Nimezaliwa Ziba, na kule kama ilivyo huku, filimbi ni ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Ikilia maana yake ng'ombe wameibiwa, au mtu amevamiwa, au mtoto amepotea. Hakuna anayeuliza kwanza. Unakwenda, maswali yanafuata baadaye.

Kamanda wao alikuwa mwanamume wa umri wangu, mwembamba, amevaa koti la mvua siku isiyo na wingu. Akauliza kwa utulivu, "Mwizi yuko wapi?"

Mwalimu akameza. "Hakuna mwizi, ndugu yangu. Kijana alikuwa anajaribu tu."

"Anajaribu." Kamanda akawageukia watu wake na kuwaeleza kwa Kinyamwezi, japo wote walikuwa wamesikia. Mama mwenye mwiko akautazama mwiko wake. "Mwalimu," akasema kamanda, "hapa filimbi haina mchezo. Ikilia, kila anayesikia anakwenda. Mwenyeji, mgeni, mwanamke, hata mchungaji wa kanisa. Asiyekwenda anajieleza mbele ya kikao."

Mwalimu akapata pa kushikia. Akamwambia kwamba hata kwenye mchezo wetu sheria ni hiyohiyo, anayesikia anaacha kila kitu. Kamanda akamwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili timamu. Wakashikana mikono. Wakakubaliana kwamba kuanzia siku ile hakuna filimbi ya kujaribu: yetu ikilia wao watakuja, na ya kwao ikilia sisi tutakwenda. Mwalimu aliyachukua makubaliano hayo kama maneno ya kuagana kwa heshima. Mimi nilijua kwamba tumefunga mkataba, na nikayaweka moyoni.

Jumatano goti langu la kulia lilianza kuvimba. Sikumwambia mwalimu. Nilimwambia binti kwa sababu alilala kitanda cha pili na macho anayo. Akaniletea maji ya moto kwenye beseni bila kuulizwa, akakaa sakafuni akinikanda, akiongea muda wote. Nilimwacha. Ningekuwa mimi mwenye miguu ile na yeye mwenye goti hili, sidhani kama ningechemsha maji.

Alhamisi tulifanya mazoezi kwenye njia ya zamani ya misafara. Leo ni njia ya baiskeli na ng'ombe, ila miembe mikubwa imeifuata kwa safu ndefu kuelekea magharibi, na watu husema iliota kwenye kokwa zilizotupwa na wapagazi. Tulikaa chini tukinywa maji. Nikamwambia, kwa kumchokoza, kwamba babu zake walipita hapa wakiwa wamebebewa mizigo, na babu zangu ndio waliokuwa wameibeba.

"Kweli, mama," akasema. "Ila wote hao walijua njia kuliko mimi."

Nilicheka, na nikajichukia kidogo kwa kucheka. Si vizuri kuanza kumpenda mtu siku mbili kabla ya kumnyang'anya kitu.

Ijumaa ilikuwa mapumziko. Nilikaa nikaitazama pasipoti.

Jumamosi asubuhi mwalimu alitutanguliza sisi wanawake, wote wawili kwa pamoja. Alitupa ramani, akasema nendeni, na binti akapotelea mitini kama kawaida yake. Mimi nilikwenda taratibu, nikijikaza kisabuni na lile goti. Kibendera cha kwanza nilikipata kwenye ukingo wa korongo. Cha pili kwenye mti wenye mzinga wa nyuki, na hapo nilipita kwa adabu. Nikielekea cha tatu nilimwona mpinzani wangu akizunguka kichuguu kisichohusika, ramani ikiwa juu chini. Hakuniona. Nikapita nyuma ya vichaka, na tangu hapo sikumwona tena.

Ndipo nikafurahi. Sitafuti neno jingine, nilifurahi. Jua lilikuwa limepanda, majani makavu yananichapa miguu, na kila nilipotazama ramani kisha kuinua macho, kile kilichochorwa kilikuwa mbele yangu. Nilipofika kwenye mawe ya ukingoni mwa mbuga na kutoboa kadi, kilibaki kibendera kimoja tu, kile cha kwenye miembe ya njia ya zamani, na baada yake kipande kifupi cha kumalizia. Nikaona muhuri unagongwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Filimbi ikalia upande wa mbuga.

Nilisimama. Haikuwa yetu. Zetu za plastiki zina sauti nyembamba. Hii ilikuwa ya chuma, yenye goroli ndani, na ilipigwa na mtu aliyezoea. Ya kijiji. Kwa sheria ya mchezo, mtu angeweza kusema kwamba aliyeumia si mkimbiaji, mimi hainihusu. Hakuna aliyeniona. Miembe ilikuwa mbele yangu, mbuga kushoto kwangu. Niliitukana ile filimbi kwa Kinyamwezi, lugha ambayo siku hizi naitumia nyumbani kwetu na kwenye hasira tu. Kwetu Ziba, mtu asiyeitika huachwa: akiuguliwa haji mtu, akifiwa anachimba kaburi na ndugu zake peke yao. Nimekua nikiliogopa jambo hilo kuliko simba. Nikakata kushoto, nikaingia mbugani nikichechemea, na machozi ya hasira yakinitoka.

Ilikuwa ndama. Alikuwa ametumbukia kwenye shimo la maji walilochimba kunyweshea mifugo, akazama tumboni kwenye tope, na kila alipojitingisha alizidi kushuka. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Kijana mmoja alikuwa shimoni akimfunga kamba. Kamanda, na koti lake la mvua, alinitazama, akaitazama namba kifuani pangu. Akanielekeza mahali pa kushika. Nikashika kamba nyuma ya mama mmoja mnene, tukavuta.

Tulikuwa bado tunavuta niliposikia mtu anaita, "Mama! Mama!" Nikageuza shingo. Mpinzani wangu alikuwa anakuja mbio akitokea upande wa miembe, hijabu imelegea, uso umemshuka. Aliponiona nimesimama kwa miguu yangu miwili, akapunguza mwendo, akashika magoti yake, akahema.

"Uko mzima?"

"Ni ndama," nikasema.

"Nilijua ni wewe. Nilijua goti limekatika." Akaanza kulia pale pale, mbele ya watu. Hakujua kutofautisha filimbi na filimbi. Kamanda akamwambia, "Binti, shika kamba kwanza, utalia baadaye," naye akashika.

Nami, nikivuta, niliwaza mambo mawili. La kwanza, kwamba ametokea upande wa miembe kwa sababu amepotea tena. La pili, kwamba mimi nimeiacha nafasi ya maisha yangu kwa ajili ya ndama wa watu, nikijua kabisa ninachoacha, na kwamba hilo ni tendo la daraja la juu. Nilijipa daraja hilo mwenyewe.

Ndama alitoka. Alisimama, akakojoa, akaenda kwa mama yake bila kutushukuru. Sisi tulianza kuaga, na hapo ndipo mbio zilipokwisha kabisa, kwa sababu kamanda alisema atatusindikiza. Mgeni aliyekusaidia huwezi kumwacha aende peke yake kama mbwa, na mgeni naye hawezi kumtimulia mbio mtu anayemsindikiza. Sisi wawili, na namba zetu vifuani, tulitembea kila mmoja upande wake, yeye katikati na upinde begani, akitueleza habari za mama wa yule ndama na ukaidi wa ukoo wake wote. Kila mtu tuliyekutana naye alisimama, tukaamkiana kwa Kinyamwezi, mwangaluka, mwangaluka, za nyumbani, za watoto. Nilihisi kama naota.

Tukafika miembeni. Kibendera kilikuwa kinaning'inia. Nikatoa kadi yangu, nikatoboa. Binti alikuwa amesimama pembeni, anatazama matawi.

"Toboa basi," nikamwambia.

"Twende tu, mama."

Nikaitazama kadi iliyokuwa shingoni mwake. Tundu la kibendera cha mwisho lilikuwepo tayari. Basi hakuwa amepotea. Mahali fulani katika pori lile, kwa bahati au kwa miguu, alinipita bila mimi kujua. Alikwishafika hapa akatoboa, na palibaki kipande kifupi, ukisimama hapo unasikia sauti za watu wa mwisho wa mbio. Ndipo filimbi ikalia, naye akageuka akarudi porini kunitafuta. Ile nafasi niliyojisifu kuiacha haikuwa yangu kuiacha.

Tulivuka mstari watatu kwa pamoja, kamanda katikati. Vijana walipiga makofi wasijue wanampigia nani. Mwalimu alisikiliza habari za ndama hadi mwisho, akamshukuru kamanda, kisha akatuita kando. Mbio zimeharibika, akasema, na hakuna siku nyingine ya kuzirudia. Atatoa uamuzi kwa haki: filimbi ilipolia, nani alikuwa mbele?

Binti akawahi kujibu. "Mimi nilikuwa nimepotea, mwalimu."

Mwalimu akatabasamu, na kijana mmoja aliyekuwa karibu akacheka waziwazi, kwa sababu hilo kila mtu alikuwa radhi kuliamini. Binti hakunitazama. Mwalimu akanigeukia mimi.

Kile kitambo kabla ya kujibu kilikuwa kitamu, siwezi kudanganya. Ndani yake nilikuwa nimeshapanda ndege. Kisha nikasema kama ninavyosema mbele ya robota lililofunguliwa, bila kupandisha sauti wala kuishusha.

"Alikuwa miembeni, ameshatoboa. Mimi nilikuwa bado kwenye mawe."

Chumbani alinikasirikia. Alisema nimemuumbua, kwamba yeye ana miaka mingi mbele, kwamba alikuwa ameniachia kwa moyo wake. Nilimwambia kwamba sikuombwa kusema nani ana miaka mingi, niliulizwa nani alikuwa mbele. Nikaingia bafuni, nikafungua maji, nikalia mpaka ndoo ikajaa na kumwagika. Asubuhi aliniamkia kama kawaida, nikaitikia, akabeba mkoba wangu hadi stendi.

Walisafiri msimu wa tumbaku ukielekea ukingoni. Nilikuwa Usoke, mezani, mikono imenata utomvu wa majani, simu ilipolia. Namba ya nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za mbio?"

"Nimepotea, mama." Alikuwa anacheka, au analia, simu haikuwa safi. "Nimekuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa, walikuwa wameshaanza kukunja hema."

Nilimwambia pole, nikamwambia ale vizuri, asilale na nguo mbichi. Nikairudisha simu mfukoni. Mkulima alikuwa ananisubiri, robota lake limefunguliwa, ananitazama mdomo. Nikalichukua jani, nikalinyoosha kwenye mwanga, na kwa muda sikuweza kuona rangi yake. Mimi nisingekuwa wa mwisho.